Kuku wa Kukombolea Kalamu

Juma lililopita kuku wangu alikufa. Alikuwa tetea mwekundu wa aina ya kishingo, shingo tupu isiyo na manyoya, mzee kiasi kwamba alikuwa ameshaacha kutaga na kazi yake ilikuwa kushinda chini ya uchaga akijipiga vumbi. Mke wangu Somoe alimkuta asubuhi amelala ubavu, akamshika miguu ili akamtupe jalalani. Nikamwambia amwache. Nilichukua jembe, nikachimba shimo kando ya mkorosho ulio karibu na jiko, nikamfukia, nikakanyaga udongo mbwa wasije wakamfukua. Somoe alisimama mlangoni na ufagio mkononi. "Leo nimeona," akasema. "Watu wa Malolo wakisikia umemzika kuku watakusomea dua." Nikamjibu wasome tu. Yeye anajua kuku yule alitoka kijiji cha Mkotokuyana, na anajua kwamba kwa miaka mitatu nilikataa achinjwe, hata sikukuu, hata siku alipokuja mkwe wetu na nyumbani hapakuwa na kitoweo. Kwa nini nilikataa, hajui. Hakuna anayejua, na ndiyo sababu nimekaa kuandika sura hii ambayo niliiruka nilipokuwa naandika zile nyingine.

Wanaoandika habari za maisha yao hupenda kusimulia ujana, mwaka walioingia shule ya bweni au mwaka walioondoka kwao. Mimi nilifika kidato cha nne, nikafanya kazi za ukarani, nikawa katibu wa mikutano isiyo na idadi, na ujana wangu wote haukunifundisha jambo ambalo sikulisahau baadaye. Mwaka ulionifundisha ulinikuta na mvi, nimeshastaafu, meno ya nyuma yameng'oka. Ulianza Jumamosi moja ya kipupwe, Nachingwea mjini, katika chumba cha kusomea cha Rehema. Rehema alikuwa mwalimu kijana aliyekifungua chumba hicho kila Jumamosi kwa hiari yake. Kilikuwa nyuma ya duka la pembejeo, na kwa kuwa ukuta ulikuwa mmoja, vitabu vyote vilinuka salfa ya mikorosho. Ukifika nyumbani na kitabu cha Rehema, mkeo anakuuliza umetoka kupulizia shamba la nani. Nilikuwa napanda basi kutoka upande wetu wa Ruangwa kila baada ya wiki mbili kwenda kuazima na kurudisha, na kila nilipofika nilimkuta Damasi amekwisha kaa kwenye kiti kilicho karibu na dirisha, kile ambacho mimi nilikitaka.

Damasi alikuwa fundi seremala wa Mkotokuyana, mrefu, mikono mikubwa, penseli imekaa nyuma ya sikio tangu ujanani mpaka sikio lenyewe lilikuwa limeinama kidogo kuipisha. Yeye Mmakonde, mimi Myao, na huku kwetu hao ni watani. Kwa asiyejua, maana yake ni kwamba nilikuwa na ruhusa ya kumtukana asikasirike, kuchukua kitu chake asinishtaki, na yeye vivyo hivyo kwangu. Ukichukua kitu cha mtani wako, unakaa nacho mpaka aje kukikomboa kwa kuku au kwa chochote mtakachokubaliana, na mkishakula mnacheka. Mtu akifa, watani wake ndio wanaofanya vituko msibani ili wafiwa wasizame katika kilio. Ni desturi nzuri. Nasema hivi mapema kwa sababu nitakayoyaeleza mbele yanaweza kumfanya msomaji aione mbaya. Ubaya haukuwa wa desturi, ulikuwa wangu.

Siku ile Rehema alituwekea mezani vitu viwili vilivyofungwa kwa karatasi. Alikuwa na jina lake la kitaalamu kwa vitu hivyo, refu. Sisi tukaviita vibao, kwa kuwa darasa la kwanza wote wawili tulianza kuandika kwenye vibao kwa chokaa. Vilikuwa vyombo vya kusomea vitabu visivyo na karatasi, aina mbili tofauti, vya kujaribia. "Wafadhili watatuma ishirini," akasema, "kwa ajili ya darasa la watu wazima litakaloanza mwakani. Lakini vya aina moja tu, hawachanganyi. Nyinyi ndio wasomaji wangu wakongwe. Kila mmoja akae na kimoja mwaka mzima, asome, aandike maelezo yake, halafu mzee Katibu ataniletea ripoti. Nitakachokisoma humo ndicho nitakachoagiza." Damasi akacheka. "Mwanangu, ripoti unampa Myao? Myao akiona kivuli chake anakiamkia, akidhani ni mkubwa." Nikamwambia Rehema kwamba Mmakonde akipewa kitu cha kuandikia atakichonga sura. Tukarusha kizibo cha soda kugawana. Mimi nikapata kidogo, yeye akapata kikubwa.

Naomba nivieleze sawasawa, kwa kuwa kwenye ripoti sikuvieleza sawasawa. Changu kiliingia kwenye mfuko wa koti. Kioo chake hakikung'aa kama cha simu, kilikuwa na sura ya karatasi, na juani kilisomeka vizuri kuliko kivulini. Herufi ungeweza kuzikuza mpaka ukurasa ukabeba maneno kumi, jambo lililonifaa mimi ambaye miwani yangu ilikuwa imefungwa kwa waya. Chaji ilikaa wiki tatu. Kwa kusoma, kibao kile hakikuwa na mpinzani. Kuandika ndiyo ilikuwa kazi: unagusa maneno kwa kidole, yanapigwa mstari, na ukitaka kuongeza lako unabonyeza herufi moja moja, kila herufi ikichelewa kutokea kama mtu aliyeitwa akiwa chooni. Cha Damasi kilikuwa na upana wa daftari kubwa, kizito kidogo, chaji yake ya siku nne tano, akikipeleka kwa jirani mwenye sola. Lakini kilikuwa na kalamu. Haikuwa na wino. Ulipoandika nayo juu ya ukurasa wa kitabu, maneno yalibaki pale pale, kwa mwandiko wako, na ilipotembea ilikwaruza kidogo kama penseli juu ya mbao. Kwa kidole au kalamu nyingine yoyote kibao hakikuandika kitu. Tangu siku ya kwanza Damasi aliitoa penseli nyuma ya sikio na kuiweka ile kalamu.

Rehema alikuwa ametuwekea vitabu vilevile, mwongozo wa ufugaji nyuki, kitabu cha historia ya kusini, na riwaya moja ya upelelezi. Mimi niliandika maelezo yangu kikatibu, hoja ya kwanza, hoja ya pili, nikibonyeza mpaka kidole kinauma. Damasi aliandika pambizoni. Penye mwongozo wa nyuki aliandika, "Muongo huyu. Mzinga wa hivi utaoza mvua ya kwanza," na chini yake akachora mzinga anaoutaka yeye, na vipimo. Penye historia aliandika, "Baba yangu alikuwepo. Haikuwa hivyo." Penye riwaya, ukurasa wa tatu, aliandika jina la muuaji, na alikuwa sahihi. Jumamosi alikuwa akinionyesha pambizo zake, nami nikizikumbuka nilicheka peke yangu ndani ya basi. Nilifungua zangu nikaona nimeandika: Sura ya tatu inaeleza umuhimu wa maji safi kwa nyuki.

Nilianza kulala kwake Ijumaa ili Jumamosi tuongozane kwenda mjini. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba vitatu, cha mbele ndicho karakana, kwa hiyo ulipoingia ulikanyaga maranda kabla hujakanyaga sakafu, na hata chai ilikuwa na harufu ya mninga. Mkewe, Veronika, ambaye wote tulimwita Mama Vero, alitupikia ming'oko wakati wa msimu wake, ile mizizi ya porini inayochemshwa kwa chumvi, tukaimenya kwa vidole tukibishana kuhusu vibao. Au kisamvu cha karanga na ugali wa muhogo. "Leo nimekupikia panya, shemeji," alikuwa akiniambia kila mara akifunua chungu, na kila mara nilijifanya kunyanyuka kuondoka, na kila mara alicheka upya kabisa kama ndiyo mara ya kwanza. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya chini, mkulima hodari kuliko mumewe. Hakujua kusoma wala kuandika. Niligundua kwamba jambo hilo lilimuuma siku moja alasiri, nimejilaza chumba cha nyuma baada ya kula, nikawasikia wao wawili uani.

"Hii ni V," Damasi alikuwa akisema. "Fuatisha juu ya yangu. Shuka, panda."

"Kama manati."

"Kama manati. Sasa hii."

"Hii inanikwepa. Hii imekaa kama konokono." Nikasikia kalamu ikikwaruza. "Nimekosea. Futa, mume wangu, futa upesi."

"Nimefuta. Hakuna kitu. Tazama mwenyewe."

"Ndiyo maana hiki nakipenda. Lile daftari ulilonipa mwaka ule, makosa yangu yote yalibaki mle yananitazama. Hapa nikikosea hapabaki kitu." Halafu akasema, kwa sauti ambayo hakuwa ameikusudia kwangu, "Mwaka huu siweki dole."

Nilielewa. Kila mwaka, kabla ya korosho kwenda mnadani, chama chao cha msingi kilifanya mkutano, na wanachama walitia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio. Asiyejua kuandika aliweka dole gumba. Wino wake ulikuwa wa zambarau, hautoki hata kwa majivu, na kwa siku tatu kila uliyempa mkono alijua. Nimekaa kwenye meza za namna hiyo miaka mingi kama katibu, nikisogeza kidau cha wino mbele ya watu wazima, nikiwaambia "bonyeza hapa, mama," na sikuwahi kufikiri wanakwenda nacho wapi kidole hicho. Nikiwa nimelala kwenye kitanda cha Damasi nilifikiri kwa mara ya kwanza. Ningependa kuandika kwamba fikra ile ilinibadilisha.

Miezi ikaenda. Kadiri ilivyokwenda, ubishi wetu ukawa maarufu pale chumbani kwa Rehema, watu wakawa wanakuja Jumamosi kutusikiliza tu. Mimi nilitetea kidogo, yeye kikubwa. "Chako kinasoma, changu kinajibu," alisema. Mimi nikasema msomaji mwenye adabu hajibizani na kitabu. Watu walicheka, na nilizoea kuchekewa upande wangu. Kisha Jumamosi moja Damasi alikuja na mkewe. Akaweka kibao mezani, akamtolea kalamu sikioni, na Mama Vero, jasho likimtoka puani, akaandika mbele ya watu kumi na kitu: V, E, R, O. Akanyanyua kibao kuwaonyesha. Vigelegele vilivyopigwa mle ndani vilimtoa mwenye duka la pembejeo akaja kuuliza kuna harusi ya nani. Ilipofika zamu yangu nilisoma muhtasari wangu wa sura ya tano. Mtu mmoja alipiga miayo. Rehema alinitazama kwa upole, na upole ule ndio ulionikaa rohoni. Nilikuwa mtu ambaye kwa miaka thelathini mkutano haukufungwa mpaka nimesoma kumbukumbu. Sasa seremala na mkewe walikuwa wamenishinda kwa herufi nne.

Damasi mwenyewe ndiye aliyependekeza tubadilishane. "Huwezi kuandika ripoti ya kitu hujakishika," aliniambia. "Chukua changu wiki mbili, nipe chako. Mama Vero amekubali kupumzika, amebakiza herufi chache za jina lake." Nikaondoka na kibao kikubwa mpaka Malolo. Siku ya kwanza nilikikosoa uzito. Siku ya pili nilikikosoa chaji. Siku ya tatu, nimekaa barazani, nilianza kuandika na ile kalamu kuhusu mambo ya nyuma, habari ambazo sikuwahi kumwambia mtu, na mkono ulikwenda wenyewe, mwandiko wangu wa shule ukarudi, ule uliolala kulia ambao walimu waliusifu. Niliandika mpaka jua likahama miguuni. Kisha nikafuta kila kitu ili Damasi asikute. Siku ile nilijua kipi kinafaa kuagizwa. Nataka hili lieleweke: nilijua.

Tulikutana kwa Rehema kurudishiana. Nilimpa kibao chake nimekifunga ndani ya kitenge. Kalamu ilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti langu. Ningeweza kuandika kwamba niliisahau, na katika miaka hii mitatu nimejaribu mara nyingi kukumbuka hivyo. Sikuisahau. Niliigusa kwa nje ya koti nilipokuwa nampa mkono.

Jioni ile akanipigia simu. "Wewe Myao, kalamu yangu iko wapi?"

"Nimeila."

"Umeila? Haya, ilikuwa na ladha gani?"

"Kama panya wa kwenu."

Alicheka mpaka akakohoa. "Nimekuelewa. Kuku yupo. Njoo nikukomboe."

"Kuku hatoshi. Kalamu ya kizungu ile, nataka mbuzi."

"Mbuzi! Mama Vero, njoo usikie, Myao anataka mbuzi!" Na nikamsikia mama huyo nyuma akisema kitu, na wote wawili wakicheka. Basi likawa limekwisha kuwa utani. Hakuna aliyeweza kuniuliza zaidi, kwa sababu anayekasirika katika utani ndiye mwenye kosa. Wiki iliyofuata sikwenda, nikasema mafua. Iliyofuata nikasema shamba. Nilisubiri ripoti itoke kwanza. Kalamu isipokuwepo, kibao cha Damasi kilikuwa kama changu, ila kizito zaidi na chaji yake fupi, na hapo changu kilishinda.

Mama Vero alinipigia mwenyewe mara moja. "Shemeji, utani wenu mzuri, sina neno. Ila mkutano wa chama ni mwezi ujao, na mimi nimebakiza N, I, K, A."

"Shemeji, nikiileta bila kukombolewa mumeo atanidharau."

Akasema, "Haya, shemeji," akakata. Hakuwa amekasirika. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kungoja watu waliosoma wamalize mambo yao.

Ripoti niliiandika kwa siku mbili, na ilikuwa safi, yenye vichwa vya habari. Niliandika kwamba kibao kidogo kinasomeka juani, ni chepesi, chaji inadumu, yote kweli. Kuhusu kikubwa niliandika sentensi ambayo naikumbuka neno kwa neno: "Udhaifu wake mkubwa ni kalamu, ambayo ni rahisi kupotea, na ikipotea hakuna mbadala wake hapa wilayani, wakati wa majaribio haya kalamu ilipotea." Niliipeleka kwa Rehema Jumamosi. Damasi hakuja siku hiyo. Rehema alisoma pale pale, akatikisa kichwa, akasema, "Hoja ya kalamu ni ya msingi. Ahsante, mzee Katibu." Nikarudi Malolo nimeridhika, na hilo nalo naliandika.

Damasi hakuja kwa sababu Alhamisi ile alianguka karakanani, akiwa ameshika randa. Presha. Nilipata habari Jumapili, naye alikuwa ameshafariki alfajiri.

Nilivaa koti lilelile. Nilipofika Mkotokuyana watani walikwisha kuanza. Mwanamama mmoja wa kwetu, Myao, alikuwa amevaa aproni ya Damasi na kushika futi yake ya chuma, anawapima waombolezaji mmoja mmoja kwa majeneza. "Wewe mnene utanimalizia mbao. Wewe mfupi, nitakutia kwenye stuli. Fundi mwenyewe amekimbia kazi, nimebaki mimi!" Watu walicheka na machozi yakiwatoka, kama inavyotakiwa. Waliponiona wakaniita. Kila mtu alijua kwamba mtani mkubwa wa marehemu nilikuwa mimi. Nilisimama mbele ya Mama Vero, aliyekaa mkekani miguu imenyooshwa, nikatia mkono ndani ya koti nikaitoa kalamu. Nilikusudia kumpa. Nilikusudia kupiga magoti, nimpe, niseme neno moja tu, nisamehe. Lakini watu kama mia walikuwa wamenyamaza wananitazama, wakingoja nitafanya nini, na mimi, Mungu anajua, mkono wangu ukapanda wenyewe ukaiweka kalamu nyuma ya sikio, kama Damasi, na nikainamisha shingo kama yeye. Uwanja mzima uliangua kicheko. Walipiga makofi. Mama Vero alicheka akashika tumbo, akasema, "Huyu! Huyu alikuwa anamjua!" Kisha akafuta macho. "Kaa nayo, shemeji. Nitaikomboa siku ya arobaini, kama desturi."

Nami nikakaa nayo. Siku arobaini nyingine.

Arobaini ilipofika, baada ya misa na chakula, alinifuata kando akiwa amemkumbatia tetea mwekundu mwenye shingo tupu, miguu imefungwa kwa kamba ya mkonge. "Haya, mtani wa mume wangu. Mbuzi hatuna." Akaninyooshea. Kidole gumba cha mkono uliomshika yule kuku kilikuwa cha zambarau. Mkutano wa chama ulikuwa umefanyika siku moja kabla. Nilikitazama kidole kile, naye akaona ninakitazama, akakikunja ndani ya kiganja. Nilitoa kalamu nikampa. Akaifunga kwenye ncha ya kanga.

"Alikuwa anakusubiri," akaniambia. "Siku zile tatu hospitali ulimi ulikuwa mzito, hatukumwelewa. Kibao tulimpelekea, alikuwa nacho kifuani. Tena alikuwa anashikashika sikio, hivi. Tukajua linamuuma. Tukamtilia mafuta ya uvuguvugu."

Labda kweli sikio lilimuuma. Mtu mwenye presha anaweza kuumwa popote. Lakini mkono wake ulikuwa ukitafuta kitu miaka hamsini mahali pale pale, na katika watu wote waliokuwepo duniani ni mimi peke yangu niliyejua kilikuwa wapi. Nilimchukua kuku. Ningemkataa, ningelazimika kueleza kwa nini. Nikampakata kwenye basi mpaka nyumbani, moyo wake ukipiga chini ya kiganja changu njia nzima.

Kabla ya mvua nilikwenda kwa Rehema. Nikamwambia nimefikiri upya, labda kile chenye kalamu kingefaa zaidi kwa wanaojifunza kuandika. Alikuwa anafungua maboksi. "Lakini mzee Katibu," akasema bila ubaya wowote, "wewe mwenyewe uliandika kalamu inapotea." Vibao ishirini vilikuwa vimekwisha kufika, vidogo, vyepesi, vinavyosomeka juani. Kile kikubwa aliamua kibaki kwa mjane, kwa kuwa hakikuwa na wenzake.

Sitaki kusema vile ishirini havikufaa. Vimefaa. Mama Vero aliingia darasa la Rehema, na mwaka wa pili alikuwa anasoma, kidole chini ya mstari, midomo ikitembea. Sasa anasoma kuliko mimi. Kuandika hajarudi. Daftari halitaki, na kile kibao kikubwa, ananiambia Rehema, anakifungua tu, anasoma pambizo za Damasi, anakifunga. Kalamu iko palepale kwenye ncha ya ile kanga, kabatini. Msimu uliopita wa korosho nilipita Mkotokuyana kumsalimia. Kidole kilikuwa cha zambarau, naye hakukikunja tena.

Kwa miaka mitatu nilijiambia kwamba maadamu kuku yule alikuwa hai, jambo lilikuwa bado ni utani ambao haujaisha, kwa kuwa kuku wa kukombolea huliwa, na mimi sikuwa nimemla. Sasa amekufa na sina pa kujifichia. Nimeandika sura hii kwa mkono, nikamwomba Rehema aichape na kuiingiza kwenye kibao cha Damasi, kile kikubwa, kabla ya kumwonyesha mtu mwingine yeyote. Alishangaa kidogo nilipomwambia aache nusu ya kila ukurasa wazi. Nimemwambia ampe Mama Vero, na ampelekee kibao kikiwa na chaji ya kutosha. Atasoma mwenyewe, hahitaji msaada wa mtu. Na upande wa kulia, kuanzia mstari wa kwanza mpaka huu, ni pambizo tupu, akitaka kuitoa kalamu kabatini.